Bomu la Baba Kule Miyuji

Mwaka ambao redio ilitangaza kwamba nchi mbili jirani kule Asia zimejaribu mabomu ya nyuklia, moja ikiijibu nyingine, baba yangu alikuwa anashinda nyumbani. Shirika alilofanyia kazi lilikuwa limebinafsishwa, yeye akapunguzwa, na kiinua mgongo chote akakifukia kwenye ekari moja ya zabibu huko Miyuji. Kwa hiyo muda wa kutetea mabomu alikuwa nao.

"Yale hayatengenezwi yapigwe," alimwambia mama. "Yanatengenezwa ili jirani akuogope."

Mama alikuwa anasonga ugali. "Na watoto wao wanakula huo woga?"

"Vita ni ghali zaidi."

"Sawa. Ila mtu mwenye kitu cha kuua mji mzima, utamwendea kuomba chumvi?"

Baba akasema mama haelewi siasa za dunia. Mimi nilikuwa likizo kutoka chuo cha ualimu, nikajifanya nasoma. Kusema kweli, niliona baba ameshinda.

Niliona hivyo kwa sababu shambani tayari alikuwa na bomu lake. Msimu wa nyuma wezi walimvunia karibu nusu ya shamba, majirani wakamshauri akatafute mganga wa kulizindika kwa dawa. Baba ni mzee wa kanisa, kwa mganga haendi. Lakini hakuona andiko linalokataza chupa. Alichukua chupa ya dawa ya kikohozi, akatia maji mekundu ya rosela, yale maua ya juisi, niliyoyachemsha mimi, mkaa na manyoya ya kuku, akaizungushia kitambaa chekundu. Akaitundika katikati ya shamba asubuhi, watu wakipita kwenda kuteka maji, na hakumweleza mtu chochote. Hakikuibwa hata kichala kimoja.

"Gharama yake nini?" baba alimtambia mama. "Manyoya ya kuku."

Zabibu zikaiva. Wanawake wanaotuvunia kila msimu walifika, wakaweka ndoo ukingoni, wakamwamkia baba, wakakataa kuingia. Baba akawahakikishia kwamba dawa inakamata wezi tu. Wakamshukuru kwa maelezo, wakabaki palepale.

Siku ya tatu zabibu zilikuwa zinapasuka na nyuki wamejaa. Hapo ndipo mzee wa watu alipoimeza aibu. Aliwaambia wote kwamba ni rosela, kwamba hakuna mganga, kwamba aliwadanganya. Akaizibua chupa, akainywa mbele yao, manyoya yakamnasa kwenye sharubu.

Walimtazama mpaka akamaliza. Mkubwa wao akasema kwa upole, "Mwenye dawa haimdhuru, baba." Wakabeba ndoo zao, wakaondoka.

Baba akaketi kwenye tuta. Sijawahi kumhurumia mtu kama nilivyomhurumia yeye siku ile. Jasho la miaka yote ya kazi lilikuwa linaoza mbele yake, na tulikuwa watu watatu tu. Mama alijifunga kanga kiunoni, akachukua ndoo, akaingia. Hakumkumbusha habari ya chumvi, ingawa najua ilimjaa mdomoni.

"Haya, mwanangu," baba akaninyooshea mkasi.

Rosela ile niliichemsha mimi. Sufuria niliiosha mimi. Na bado nilisimama pale ukingoni, mguu mmoja haujavuka, nikiitazama ile chupa tupu mkononi mwake.

Haikuwa muda mrefu. Niliingia, nikakata kichala cha kwanza. Lakini baba alikuwa ameshaniona.