Bibi-Arusi Aliyegusa Goti la Ngombe

Habari ilipanda na wabeba maziwa. Kila asubuhi wanashuka Sake na mabidoni, na wakirudi wanatuletea maneno ya kule chini kwa kelele nyingi. Ile siku walirudi kimya. Mimi nilikuwa uani napura maharagi, na mmoja wao akasimama mbele yangu akasema tu: "Mama, Veterinere amekufa." Fimbo ikanitoka mukononi. Nikamuuliza veterinere gani, kama mupumbavu, sababu kwenye vilima hivi vya juu ya Ngungu tulikuwa na daktari wa ngombe mmoja tu, mwanamuke, na wote tulimuita kwa kazi yake mpaka jina la ubatizo likasahaulika. Alikuwa ameshuka Walikale kuangalia ngombe ambazo wafanyabiashara wanapelekaka kule pori kwa miguu, akarudi na homa. Alisema ni malaria ya kawaida. Akaendelea kupanda vilima na sakoshi yake ya dawa mpaka akaanguka njiani, na kwenye kitanda walichomulaza hakuamka tena. Homa ya ngombe aliisikia toka mbali. Yake mwenyewe hakuisikia.

Nilipofika kwenye kilio niliwakuta wanawake jikoni wanamenya viazi na kumenya marehemu pamoja. "Masikini, bila bwana." "Hata mutoto mmoja wa kumulilia hakuna." "Kazi njo ilimukula." Nikakamata kisu nikamenya nao, maana kilio iko na adabu yake. Lakini baadaye akaingia baba mudogo wa marehemu, mzee wa fimbo na koti refu, akaomba wamuwekee kipande cha makaa yaliyozimika, cha maziko ya kesho. Ninyi vijana munaonisoma pengine hamuijui hii mambo, basi niwaeleze. Kwetu wafugaji, zamani, muntu akikufa bila kuzaa walimutia makaa mukononi mbele ya kumufunika. Maana yake: moto wako umezimika, nenda nao, usirudi kusumbua wenye wamezaa. Leo tuko wakristu, tunaimba mpaka paa inatetemeka, na bado mzee anaomba makaa jikoni, na hakuna muke hata mmoja aliyeshangaa. Mimi niko bibi ya wajukuu wengi na sifichi, najivunia. Nikiwapanga kanisani wanajaza benchi, na wengine wanabaki wamesimama. Lakini niliposikia binti yule atazikwa na makaa mukononi, sikurudi tena nyumbani. Nililala palepale kwenye kilio, macho wazi, nikijiuliza kesho nitafanya nini.

Binti yule alizaliwa kilima kinachotazamana na chetu. Baba yake ni mufugaji, kama bwana yangu alivyokuwa. Na kwetu mwanamuke hakami ngombe. Anapokea maziwa, anasukasuka kibuyu cha kisabo, anatoa siagi, anaosha vyombo na kuvifukiza moshi. Mimi fromaji zangu, jibini za hapa kwetu, zimeliwa mpaka Goma, na sijakamata titi la ngombe toka nizaliwe. Sasa fikiria mutoto wa kike anarudi kutoka masomo na diplome, bote za mupira miguuni, anasema yeye ataingiza mukono pale ambapo sisi hatukuruhusiwa hata kidole. Wanaume walicheka kwanza. Halafu siku moja ngombe yetu nyekundu ikashindwa kuzaa, ndama amekuja vibaya, muguu umekunjika ndani. Wanaume walivuta, wakasukuma, wakaomba Mungu. Mimi njo nilituma wamuite. Bwana yangu akasimama kwenye lango ya kiraro, zizi la ngombe: "Muke haingii hapa." Nikamuambia, "Basi ikufe, na wewe utanieleza maziwa ya watoto itatoka wapi." Akasogea. Binti akajipaka sabuni mpaka kwenye bega, akalala ubavu ndani ya matope na mavi, akafunga macho kama muntu anayesikiliza radio ya mbali. Tulisubiri. Kisha akavuta polepole, na ndama akatoka ulimi inje. Akamutekenya puani na jani la nyasi mpaka akapiga chafya. Bwana yangu akamuambia, na alizani anamusifu: "Binti, wewe ungezaliwa mwanaume!" Akajibu huku ananawa: "Papa, ningezaliwa mwanaume mukono wangu ungekuwa munene kama ya kwenu, na ndama angefia ndani." Mmoja alicheka mpaka akakaa chini kwenye mavi. Bwana yangu, Mungu amulaze pema, alirudilia lile neno mpaka alipokufa, kila mara kama vile ni yeye aliyelitunga.

Sasa niseme kitu ambacho watu wazuri wa kanisa hawapendi kisemwe. Wanaume walimutamani. Hakuwa na sura ya kalendari; pua yake ilikuwa kubwa na alitembea kama muntu aliyechelewa. Lakini mwanamuke anayejua kazi yake mpaka kwenye mifupa iko na joto fulani mu mwili, na wanaume waliisikia hiyo joto toka kilima cha pili. Ngombe nzima zikaanza kugonjwa. "Veterinere, yangu inakohoa." Anapanda mulima na jua lote, anakuta dume linakula nyasi, limenona kama mukubwa wa serikali. "Inakohoaka saa ngapi?" "Saa ile wewe haupo." Akacheka, akashuka. Lakini uambie mmoja wao amupose! "Eh, Mama, yule? Nikichelewa kurudi atanipima joto." Mwingine: "Mikono yake inanuka ngombe." Nikamuuliza, na ya kwako inanuka nini? Ninyi munanuka ngombe toka tumboni, na sisi tuliwazalia.

Mmoja alimupenda kweli, siwezi kumunyima hiyo. Alikuwa kijana wa shingo ndefu, mufanyabiashara wa ngombe, mmoja wa hao wa njia ya Walikale. Alimubebea sakoshi, alimushikia ngombe kwa pembe, alimuangalia akichoma sindano kama sisi tunavyoangalia padri akiinua hostia. Familia zikaongea, mahari ikapangwa. Siku ya kuleta mahari bibi-arusi anakaa ndani pamoja na wamama, kichwa chini, haonekani mpaka aitwe. Inje ngombe zinaletwa, na upande wa binti unatuma muntu wa kuzikagua. Kusema kweli hakagui kitu. Kazi yake ni kuzisifu, pembe moja moja, manyoya moja moja, maana kutaja kosa kwenye ngombe ya mahari ni kutukana ukoo muzima wa mukwe. Kati ya zile ngombe moja ilikuwa na goti la mbele limevimba, mviringo kama avoka. Musifu akaliona, akameza mate, akapaza sauti: "Na hii, tazameni, imepiga magoti mpaka goti limejaa, kwa heshima ya bakwe!" Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa karibu na binti, na nilimuona anainua kichwa kuelekea dirisha.

"Mama, ile goti."

"Nyamaza, mutoto. Leo njo siku yako."

"Ngombe ya goti vile inatupaka mimba, ndama anatoka amekufa. Ikilala na za Papa, zote zitatupa. Hatabaki na ndama."

"Utamuambia kesho."

"Kesho zitakuwa zimelala pamoja."

Akasimama. Akatoka amevaa mushanana wake mweupe wa arusi, miguu bila viatu, akapita katikati ya wazee, akachuchumaa, akashika lile goti kwa vidole viwili kama anavyoshikaka siku zote. Akasema angali chini, kwa sauti ya heshima: "Wazazi wangu, munisamehe. Hii isiingie kiraro, iko na ugonjwa. Muirudishe. Na kama hamuna ingine, musilete ingine. Mimi nitakuja hivyo hivyo." Sikilizeni vizuri, ninyi munaosema alikataa bwana: alisema atakuja. Lakini baba mukubwa wa kijana akapiga fimbo chini. "Sisi tulikuja kuoa muke. Hatukuja kuoa veterinere." Binti akamujibu: "Papa, ni muntu mmoja." Baba yake mwenyewe akafunika uso na kofia kwa haya. Basi wote tukamugeukia kijana. Alikuwa karibu naye sana, angenyoosha mukono angemugusa bega. Neno moja lingetosha: mumuache, anajua kazi yake. Akaangalia viatu vyake. Vilikuwa vipya, vya ncha.

Waliondoka na ngombe zao zote, ile ya goti ikichechemea nyuma. Kijana alirudi baadaye peke yake, bila wazee, kumuomba aende kuomba musamaha na aache kazi, yeye atamulisha. Binti alinieleza mwenyewe walivyosemezana. Alimuuliza: "Ile siku ulizani nasema uongo?" "Hapana. Nilijua ni kweli." "Sasa?" "Sasa ungengojea." Hapo njo ilikwisha. Akaoa mwingine, binti muzuri, mupole, sina neno juu yake. Na ngombe zao zikaanza kutupa mimba, moja baada ya ingine, kama alivyosema. Nani aliitwa? Ni Veterinere wetu. Na alienda! Alitenga zenye ugonjwa, akamufundisha yule muke kuchemsha maziwa na kutogusa mimba zilizotupwa kwa mikono mitupu. Muke akamumwangia maji ya kunawa, akamushikia taulo. Wakati wa kurudi alipita kwangu, nikamupa chai.

"Mama, aliniangalia tena vile ya zamani. Saa nilikuwa naingiza mukono."

"Halafu?"

"Halafu muke wake akatoka. Yeye akaangalia pembeni." Akazungusha kikombe. "Batu banasemaka nilichagua ngombe. Mama, mimi nilitaka batoto. Nilitaka hata yeye."

Nilimuongezea sukari.

Basi asubuhi, kisha ule usiku wa kilio, mbele ya kufunika sanduku, yule mzee wa fimbo akaja na makaa yake ndani ya jani la mugomba. Katekisti akafungua kitabu cha nyimbo, akatafuta ukurasa ambao hakuupata. Mimi nikasimama.

"Mzee, weka hiyo takataka chini."

"Mama, hii ni mambo ya ukoo. Wewe ni jirani."

"Niko jirani mwenye wajukuu wanajaza benchi, na sitaki dhambi yako iwafuate! Moto gani umezimika? Panda kilima chochote, unionyeshe ngombe ambayo haikupita mu mikono yake!"

"Ngombe si batoto, Mama."

Na hapo alinifunga kinywa, maana niliona wanawake wanakubali na kichwa pamoja naye, hata wale ambao ndama zao alizivuta. Baba wa marehemu, amezeeka sana sasa, alikaa kwenye kiti akitazama mulima. Mukono wa mzee ukaanza kushuka ndani ya sanduku. Ndipo sauti ikatoka nyuma: "Musimuwekee." Watu wakagawanyika katikati. Alikuwa yule mufanyabiashara, mvi kichwani, kofia kifuani, muke wake kando. Alikuja mpaka kwenye sanduku. "Ile makaa ni yangu," akasema. "Yeye hakunikataa. Alisema atakuja bila ngombe, na mimi nikanyamaza. Kama kuna muntu wa kubeba ile makaa, munipe mimi." Akanyoosha mukono. Mzee akamupa, jani na yote. Hakuna aliyebisha. Hata mila yenyewe haikubisha. Ilirudi nyuma kama ngombe iliyopigwa puani. Sanduku likafungwa, tukaimba, tukamushusha. Baba wa binti alilia kwa sauti, mara ya kwanza toka niliposikia habari.

Wanawake walewale wa viazi walimusifu yule mwanaume njia nzima. "Ona moyo wake! Mbele ya muke wake!" Mimi sikumusifu. Alipokuja kunisalimia, kiganja cheusi, nilimuambia: "Kumbe kinywa ulikuwa nacho, Baba." Nikashika njia yangu.

Toka siku ile nawaza jambo hili nikichambua maharagi, na nitalisema kama ninavyoliona. Tunapenda kusema wanaume wa kwetu hawapendi mwanamuke wa kazi. Uongo. Wanamupenda, nimewaona kwa macho yangu, wanamuangalia mpaka ngombe inawaponyoka. Wanamupenda kiraroni, wakiwa peke yao naye. Mbele ya baba wakubwa na wajomba wanakuwa bubu. Na binti anabaki katikati ya uwanja, amechuchumaa, mukono kwenye goti la ngombe, anangojea neno moja kutoka kwa muntu mmoja, na sisi baadaye tunamenya viazi na kusema kazi njo ilimukula. Haikuwa kazi. Kazi ilimulisha, ilimuheshimisha, ilimuchekesha. Kilichomukula ni kile kimya.

Kwa hiyo, wajukuu wangu wa kike, someni, mupande, muingize mikono popote kazi inapotaka. Na siku utakapofanya kazi yako vizuri mbele ya watu, na watu wakasirike, usiwaangalie watu. Angalia uso wa yule anayesema anakupenda. Uso ule njo utaishi nao. Na ninyi wa kiume, mimi bibi yenu nimewabeba mugongoni, niko na haki ya kuwatuma: mukimupenda mwanamuke kwa vile anavyofanya kazi, museme palepale, mbele ya wazee, angali amesimama na masikio yake yako wazi. Yule wetu alitetewa vizuri sana, na hakusikia hata neno.