Pambizo la Ukurasa wa Kuku

Ungefika Shianda miaka ile ya tisini ukauliza nani mkali kuliko wote, hata watoto wangekuelekeza kwa Mwalimu Risper. Si mkali wa kiboko. Mkali wa kalamu. Alikuwa amestaafu kufundisha, na badala ya kupalilia mboga zake na kupumzika kama wenzake, yeye na mumewe Shikanga walianzisha kitu ambacho watu walikiita Kitabu cha Wote. Chenyewe kilikuwa mafaili manne ndani ya kabati la ukumbi wa kanisa. Mtu yeyote aliruhusiwa kuandika humo jambo analolijua la kwetu: miti na kazi zake, majina ya watoto na sababu zake, namna ya kupika mrenda, njia za zamani zilizomezwa na miwa. Na mtu yeyote aliruhusiwa kusahihisha alichoandika mwenzake. Hapo sasa ndipo palipokuwa na kazi, maana watu wazima kusahihishana bila kununiana si jambo dogo, na kwetu ni gumu zaidi.

Kwa hiyo Risper aliweka masharti, na kila mgeni aliyetaka kuandika alipitia kwake kufundishwa. Ukiandika, sema nani alikuambia na anatoka wapi. Ukiona kosa, usifute. Lipigie mstari mmoja ili liendelee kusomeka, uandike lako juu yake, utie jina. Mwenye neno lake akikataa, ajibu pambizoni, pale ukingoni mwa karatasi, asikufuate sokoni. Basi, masharti ni hayo tu. Lakini alivyoyafundisha, Mungu amsamehe. Bramwel, karani wa mizani ya miwa, alirudishiwa ukurasa mmoja mara nne kwa sababu hakutaja aliyemwambia. Mara ya tano hakuja. Mwingine aliusifu ukoo wake kurasa mbili nzima, Risper akazisoma kwa sauti mbele ya watu hadi jasho likamtoka maskini. Wageni walikuja na hamu wakaondoka wamevimba.

Aliyemweza alikuwa Shikanga peke yake. Kulikuwa na ukurasa ulioitwa Kugawa Kuku, na hapo ndipo mke na mume walipokutana. Shikanga aliandika kwamba kwa mama yake, Matungu, firigisi alipewa yule aliyemkamata kuku. Risper akapiga mstari wake mmoja, akaandika kwamba firigisi ni ya mwenye nyumba, kila mtu anajua, na nyumba moja ya Matungu si desturi. Shikanga akajibu pambizoni. Akajibiwa. Miaka sita hiyo. Nyumbani walikula kimya, obusuma, ugali wetu, na kuku kati yao, firigisi ikaenda kwa mwenye nyumba bila neno, halafu Jumamosi wakaenda ukumbini kugombana kwa penseli. Mimi nakuambia watu hao walipendana sana, ila hawakuwa watu wa kulisema.

Mwaka wa tisini na tano Shikanga akaanza kukonda. Wakati huohuo macho ya Risper yaliingia ukungu. Walimwambia ni mtoto wa jicho. Jumamosi moja Shikanga alirudi kutoka ukumbini akihema, akaketi mlangoni.

"Nimekujibu," alisema.

"Umesemaje?"

"Utasoma."

"Unajua sioni, baba Awinja."

"Macho yatatengenezwa. Utasoma."

Baada ya wiki mbili walimzika.

Angeweza kuomba mtu amsomee. Mimi ningeomba, hata siku ya matanga. Lakini Risper alikuwa na kichwa kigumu. Neno la mwisho la mume wake lisomwe na nani, na Bramwel? Mara kwa mara aliutoa ukurasa ule akauleta karibu na pua, akaona kivuli cha kijivu chini kabisa ya pambizo, basi. Akaurudisha. Alijiapia kwamba siku atakayopata macho, hicho ndicho kitakuwa kitu cha kwanza kukisoma. Alingoja zamu yake ya upasuaji miaka mitatu, na aliishi kwa ajili ya siku hiyo.

Kitabu nacho kilikuwa kinakufa. Kabati lilifunguliwa na mkono mmoja tu. Binti yake Awinja, aliyefanya kazi Kakamega mjini, ndiye aliyemwambia ukweli.

"Mama, watu wanakuogopanga. Nitakuletea mtu mmoja mzuri. Tafadhali, huyu usimfukuze."

Akamleta Maurine, mpiga taipu wa ofisi moja mjini, aliyekuwa ameolewa Shianda. Siku ya kwanza Maurine alifungua faili, akageuza kurasa mbili tatu, akauliza, "Mwalimu, hii mistari yote ni ya nini?"

Somo lote lilimpanda Risper hadi kooni, lile lile alilowapa wenzake waliokimbia. Akamkumbuka Awinja. Akalimeza.

"Utazoea," alisema.

Na alijiona amefanya vyema sana. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa mpole kwa mgeni, na mgeni akarudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Maurine alipenda kazi. Aliandika kuhusu mitego ya panya, akamsomea Risper, akataja mzee aliyemwambia na kijiji chake bila kukumbushwa. Risper alirudi nyumbani akiimba kimoyomoyo. Alipoitwa kwenye upasuaji alimkabidhi ufunguo wa kabati bila wasiwasi wowote.

Alikaa kwa Awinja wiki tatu na jicho limefungwa. Lilipofunguliwa aliona nyufa za ukuta. Akaona mvi kwenye kichwa cha binti yake, akashangaa zimeota lini. Akaomba viatu vyake, akaomba arudishwe Shianda siku hiyohiyo.

Maurine alikuwa anamngoja ukumbini amevaa gauni la Jumapili. Juu ya meza palikuwa na faili moja jipya, nene, limefungwa kwa utepe.

"Nimekusafishia yote, Mwalimu," alisema. "Kila jioni nilibaki ofisini nikipiga taipu. Nilitaka ukipata macho usome bila taabu."

Kurasa zilikuwa nyeupe, herufi zimenyooka, vichwa vya habari vimepigiwa mstari chini. Risper alitafuta Kugawa Kuku. Firigisi ni ya mwenye nyumba, nukta. Pambizo lilikuwa tupu.

"Zile za zamani ziko wapi?"

"Ofisini barua ikishapigwa vizuri, rasimu tunatupa. Ni aibu mtu kuona ulivyokosea." Maurine alikuwa bado anatabasamu. "Lakini sikuzichoma. Nilimpa Musimbi wa njugu, zimfae kufungia."

"Kwenye ukurasa wa kuku, chini kabisa pembeni, kulikuwa na maandishi."

"Yale madogo? Niliyaona."

"Yalisemaje?"

"Sikuyasoma, Mwalimu. Ya Shikanga kule juu yalikuwa yamekatwa, yako hayajakatwa. Nikafuata yako."

Risper alienda sokoni kwa miguu. Musimbi alimimina gunia lake chini, mwanamke wa watu, na zikatoka karatasi tatu: mrenda, majina ya mapacha, na nusu ya ukurasa kuhusu mvua. Zingine zilikuwa zimekwenda na njugu, siku mbili za soko sasa. Basi Mwalimu Risper, ambaye hata mkuu wa shule alimwogopa, akainama. Alizunguka soko zima akiokota kila kijikaratasi chenye mafuta, akikifungua, akikisoma kwa jicho lake jipya. Aliona vizuri. Aliona kila herufi. Hapakuwa na hata moja ya Shikanga.

Aliporudi alimkuta Maurine analia, maana alikuwa ameshaelewa kwamba amekosa, ila hajui nini. Risper hakumgombeza. Angemgombeza kwa kosa gani, wakati yeye mwenyewe aliulizwa na akajibu utazoea? Alimketisha, akamfundisha masharti yote matatu, moja baada ya jingine, kwa sauti ya chini ambayo Bramwel hakuwahi kuisikia. Maurine aliitikia kwa kichwa kila mara kwamba ameelewa. Jumamosi iliyofuata hakuja. Ufunguo uliletwa na Awinja.

Risper alikaa peke yake ukumbini, ukurasa mweupe mbele yake. Alitaka kurudisha jibu la Shikanga mahali pake. Alijaribu kulibuni, akaona hawezi. Sharti la kwanza lilikuwa lake mwenyewe, na hakuna aliyemwambia. Alichukua penseli na rula. Akapiga mstari mmoja juu ya maneno firigisi ni ya mwenye nyumba, mwepesi, yakaendelea kusomeka. Kisha akashuka hadi chini kabisa ya pambizo, akaandika kwa herufi ndogo: Hapa Shikanga wa Matungu alinijibu. Sikusoma. Risper, Shianda.