Mgomba wa Kaburi la Nogo

Alizaliwa mwaka 1901 katika kijiji cha Lewomada, mashariki mwa kisiwa cha Flores, na tangu siku hiyo hadi anafariki, Mama Bibiana Peni hakusema uongo hata mmoja. Ndivyo tunavyofundishwa hapa, nami nilikubali kuandika maisha yake kwa sharti hilo, ingawa ukurasa huu hautafika katikati kabla sijaaibika.

Tangu usichana alisikia wito wa kuwatunza wagonjwa. Alikataa wachumba watatu, wa mwisho akimwambia, "Nenda salama, kaka, mimi nimeshaposwa na wenye homa." Mwaka 1942 askari wa Kijapani walipowatia mapadri kifungoni, yeye ndiye aliyebaki kuongoza sala na kuzika wafu.

Mwaka uliofuata afisa mmoja alitaka Nogo, binti wa miaka kumi na sita, apelekwe kambini "kufua nguo". Hakuna aliyedanganyika. Nogo alikuwa mtoto pekee wa Kewa, mjane mwenye moyo mwema na mdomo usio na mlango. Mama Bibiana alimficha binti milimani, akatangaza kwamba ndui imemuua, akaviringisha mgomba ndani ya mkeka, akauzika kwa sala zote za Kanisa. Dada yake Barek, aliyechimba naye kaburi, alimuuliza, "Na Kewa je?"

"Kewa asijue."

"Ni mama yake, we Peni!"

"Ndiyo maana. Ukimpa Kewa siri asubuhi, mchana mbuzi wanaijua. Mwache alie kilio cha kweli."

Afisa alikuja, akamshikisha Mama Bibiana msalaba, akamwambia aape. Akaapa: "Nogo yumo humu." Afisa akamtazama Kewa anavyogaragara udongoni, akayaamini machozi kuliko kiapo, akaondoka. Basi uongo wenyewe ndio huo, na mwenye jina zuri zaidi la kuuita aniletee.

Ila mtakatifu wetu hakuwa mkulima: mgomba aliung'oa na mizizi yake. Mwezi wa pili kaburi likachipua. Hofu ya ndui ilipopoa, watu wakaja na mishumaa, wakapiga magoti. Kewa aliumwagilia maji kila asubuhi akiuambia, "Kunywa, mwanangu, jua la leo kali." Mama Bibiana alipita hapo kila siku akienda kanisani, na inasemekana hakula ndizi tena maishani.

Mwanzoni mwa 1945, kambi ikiwa bado ipo, Kewa alishikwa na homa ya mapafu. Mama Bibiana alikaa naye hadi mwisho, akamnong'oneza ukweli wote. Kewa akatabasamu, akasema, "Nimekusamehe," akakata roho. Mama Bibiana mwenyewe alifariki mwaka 1978. Wapo waliopona kwa majani ya mgomba ule, nami simbishii mgonjwa aliyepona. Tumuige basi, ndugu waumini, kwa ujasiri wake wa…

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika nikisoma kanisani Jumapili iliyopita, Bibi Nogo, mwenye miaka themanini sasa, aliponinyooshea fimbo kutoka benchi la mbele.

"We mjukuu, hayo ya kusamehe umeyatoa wapi?"

"Watu wanasema, bibi."

"Watu gani? Mle ndani walikuwa wawili, na wote wamekufa. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa mianzi, nimeshuka kumwona mama. Peni alimshika mkono, akafungua mdomo, akaufunga. Mama akafa hajui."

Kanisa zima likanigeukia. Nikaanza kuikunja karatasi.

"Usikunje," akasema. "Mlango ulikuwa wazi, na mimi sikuingia. Andika na hilo."