Msamaha Nilioomba Kituoni

Haya, chekeni, maana hata mie nikikumbuka nafunika uso kwa leso. Miaka yote niliyofanya kazi kwa watu hapa Riyadh sijavunja hata kikombe, kisha mambo yakaniharibikia wiki ile ile ya kwenda Mombasa kumuoza binti yangu Rukia, mtoto niliyemwacha hajaanza shule (nimemlea kwa simu mpaka kapata mume).

Madam akaikosa bangili yake ya dhahabu. Begi langu la safari akalimwaga sebuleni mbele ya mashemeji zake, chupi zangu zote nje, na bangili haikuwemo, lakini hasira zilishampanda, akaita askari, na mie huyo nikapelekwa kituoni pale Malaz.

Sasa kwetu mtu mzima akikukasirikia humbishii. Unamwangukia, unasema nimekosa mama, nisamehe, hata kama kosa hulijui, anapoa, mnakunywa chai. Basi nikajiambia, Mwanaisha, mpoze huyu madam uwahi ndege. Nikapiga magoti mbele ya kituo kizima, nikamshika miguu, nikalia kwa Kiarabu changu cha jikoni kwamba nimekosa, anisamehe, halas, yaishe. Madam akalainika kweli, akaninyanyua. Kumbe askari yuko mezani anaandika.

Akaitwa mkalimani, baba mmoja mzaliwa wa hapa hapa, wazee wake Wazanzibari. Akaisoma ile karatasi, akanitazama.

"Bibie, umekiri wizi."

"Nimekiri saa ngapi? Mie nimeomba radhi tu."

"Umeulizwa habari ya bangili, ukasema umekosa. Sasa usitie kidole gumba hapo. Omba wakili, na useme lililo kweli tu."

Nikamwambia mbona madam keshanisamehe. Akanieleza taratibu, kama anayesema na mgonjwa, kwamba madam amesamehe haki yake, haki ya serikali bado ipo.

Kesho yake bangili ikaonekana Jeddah, mkononi mwa binti wa madam, aliyeiazima bila kusema akaenda nayo kwa mumewe. Mwadhani niliachiwa? Maneno yangu yako pale pale kwenye faili, mie ndiye mwizi wa kitu ambacho hakikuibiwa. Wakili akaja, nikakanusha mbele ya mpelelezi, mkalimani akaeleza desturi yetu ya kuangukiana, na mpelelezi (mtu mpole, wala hakunifokea) akawa anarudia swali moja tu: asiye na kosa anaombaje msamaha? Nilipolisikia kwa Kiswahili, nikaona hata mie ningeuliza hivyo hivyo. Mpaka wanaridhika, ndege imeshaondoka.

Toka hapo nimeapa, nikituhumiwa nitauliza kwanza nashtakiwa nini na nani wa kunitetea, ndipo nifungue mdomo, na magoti nampigia Mola peke yake. Lakini kiapo hakinirudishii kitu. Nilipotoka nilimpigia Rukia simu ya picha, akapokea yuko kwa mumewe, harusi imekwisha. Akaniinulia mikono nione piko na hina, mpaka viwikoni, zimeshaanza kufifia vidoleni. Nikamuuliza nani kakupaka, akamtaja jirani yetu, nikasema mwambie ahsante, amepaka vizuri. Kisha nikakata simu nikalia, maana mikono ile nilitaka kuipaka mie.