Kitambaa Cheusi Kortini Beni

Juma hili korti ya kijeshi ilikaa katika ukumbi wa parokia, hapa Beni. Mama mmoja wa Mbau alikuja kumshitaki askari aliyembaka vita ilipofika kwao. Avoka wake, wakili wa kumtetea, alimfunika uso kwa kitambaa cheusi ili asijulikane, akamwagiza amwangalie jaji tu.

Avoka wa askari akauliza: "Mama, kama unasema kweli, unaficha uso juu ya nini?"

Mama akakitoa kitambaa, akakikunja taratibu kama nguo ya mtoto. "Mupatie ule," akamwambia jaji, akimnyoshea kitambaa na kumwonyesha askari kwa kidevu. "Ni yeye iko naangalia chini tangu asubui."

Avoka wa mama akaninong'oneza, mimi niliyekaa nyuma yake, kwamba hakumfundisha hivyo. Nilimwamini.

Jioni askari akahukumiwa kifungo. Alitoka amevuta kofia mpaka puani. Mama akapita mlango mkubwa, uso wazi.