Sauti ya Upande wa Kulia

Siku yangu ya kwanza kazini sikukabidhiwa bisibisi. Fundi Mkuu, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinikalisha mbele ya televisheni ya dukani, akanipa rimoti na kusema, "Haya, iharibu." Nikabonyeza huku na huku mpaka picha ikakosa rangi na sauti ikapotea. "Sasa irudishe ilivyokuwa," akasema. "Ukishindwa kabla ya adhuhuri, hapa si pako." Niliirudisha adhana ikilia.

Ninyi mnaotazama kila kitu kwa simu, niwaeleze. Deki ilikuwa mashine ya kuchezea CD, iliyoungwa na televisheni kwa waya tatu: wa manjano wa picha, mweupe na mwekundu wa sauti. Kwenye menyu yake ulichagua umbo la picha, ili watu wasionekane wamevimba au wamekonda. Ukachagua pia mfumo wa rangi, PAL, NTSC au otomatiki, maana ukikosea, picha hugeuka nyeusi na nyeupe. Rimoti nayo ilikuwa na kitufe cha kuchagua sauti ya kushoto, ya kulia, au zote mbili. Hicho watu walikibonyeza bila kujua, kisha wakatuita.

Baada ya miaka kadhaa Mwenye Duka alinitoa kwenye meza ya ufundi akanituma majumbani. Nilianzia mtaa wa Buxton, nikaenda Mbaraki, mwisho nikapewa Mji wa Kale. Kila asubuhi alinikumbusha, "Deki ya mtu ikiharibika, nitamnunulia nyingine. CD yake ikiharibika, nitainunua wapi?" Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni, na maneno hayo yalinikosesha raha njia nzima.

Ndipo nikaitwa kwa Bi Zuhura, mama wa makamo aliyeishi peke yake. Alikuwa na CD ya sherehe ya kupambwa kwa bintiye, Rukia, aliyefariki mwaka mmoja baada ya harusi. Alinieleza kwamba picha haikuwa na rangi. Ngoma zilisikika, lakini Rukia alifungua kinywa tu.

"Nataka sauti yake, mwanangu," akaniambia.

Nikaishika ile CD na moyo ukanishuka. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye tundu la katikati, unatambaa. Deki huizungusha CD kwa kasi, na kila nikiiwasha ingeweza kuwa ndiyo mara ya mwisho.

"Niruhusu niipeleke dukani nikatoe nakala kwanza," nikamsihi.

"Haitoki humu. Mna wanawake vichwa wazi, walivua mabuibui kwa kuniamini mimi. Na wewe pia hutaitazama. Ikicheza, mato yako yawe ukutani."

Nilimwelewa. Kupamba ni sherehe ya wanawake peke yao, hata mpiga picha huwa mwanamke. Lakini fundi wa picha asiyetazama picha ni fundi wa nini? Nikaijaribu deki kwa CD yangu, ikacheza safi, haikunifunza lolote. Sikuwa na budi kuiweka yake.

Sisi mafundi tulizoea kuanza na picha, nami nikaanza na picha. CD ikisimama, nilitazama menyu na kubadilisha mfumo. Ikicheza, niligeukia ukutani penye kalenda, nikisikiliza deki ikikwaruza.

"Gauni lake lilikuwa rangi gani, Bi Zuhura?"

"Kijani."

"Sasa laonekana vipi?"

"Jivu tupu."

Nikasimamisha, nikabadilisha. Mara ya pili ilikuwa jivu vilevile. Mara ya tatu akapiga kelele, "Kijani! Kijani chenyewe!"

Nikaielekeza rimoti nyuma ya bega langu, nikabonyeza kile kitufe cha sauti. Mpiga picha aliweka ngoma kushoto na maikrofoni kulia, na deki ilikuwa imebaki kushoto. Msichana akasema, wazi kabisa, "Mama, hujala tangu asubuhi. Nenda ukale, mimi siondoki."

"Ntakula, mwanangu," Bi Zuhura akamjibu. "Ntakula."

Nililia nikiwa nimeikazia macho kalenda.

Tangu siku hiyo niliikwepa njia ya kwake, nikiogopa kuambiwa imevunjika. Deki zikakosa wanunuzi, duka likafungwa, nami nikastaafu. Juzi nikiwa Makupa nikasikia naitwa.

"Wewe fundi! Mbona wanikimbia?"

"Naiogopa habari ya ile CD, Bi Zuhura."

"Ilivunjika zamani. Niliiweka mara tatu baada yako, ya nne ikapasuka." Akanishika mkono. "Usihuzunike. Wale wanawake sikuwafanyia khiyana, na mwanangu nilimsikia. Mungu akulipe."

Akaenda zake akiwa ameridhika. Mimi sijaridhika. Vijana huniuliza kama kuna kazi ninayoijutia, nami huwaambia ni hiyo Bi Zuhura aliyoniombea dua. Aliniambia anataka sauti. Mimi nikaizungusha ile CD mara mbili bure nikitafuta kijani, na kitufe cha sauti kilikuwa mkononi mwangu tangu mwanzo. Mara hizo mbili zilikuwa zake.