Yatima wa Mabanga na Avoine ya Komunyo

Harufu ya avoine, ile nafaka ya uji wa wazungu, ikianza kushika rangi motoni huniingia puani kabla sijajitayarisha. Juzi ilitoka kwa jirani ikapita juu ya ukuta, pamoja na mdalasini na ndizi mbivu, ikanikuta nikikunja nguo. Mate yakanijaa mdomoni, na hapohapo hasira ikanipanda. Mume wangu akauliza, "Kuna nini?" Nikamwambia kuna harufu ya shangazi yangu. Akaondoka, maana yeye hadithi hii ameisikia hadi amechoka. Basi nawaambia ninyi.

Shangazi, dada ya marehemu baba, alikuwa na nyumba ya mbao huko mjini, mtaa wa Mabanga, imezungushiwa ukuta wa mawe meusi ya volkano. Sisi kwetu ni Masisi. Vita vilipotushusha kutoka milimani, mama alipata hema katika kambi ya Mugunga, akabaki huko na mdogo wangu, na mimi nikapelekwa kwa shangazi ili nisome. Njiani mama alinipa wosia mfupi: heshimu, na usiombe chakula. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu nilipewa siku ya kwanza, na lilikuwa ufagio.

Zamani shangazi aliwahi kuwapikia wazungu, na kutoka kwao alileta ufundi mmoja tu aliojivunia kuliko ubatizo wake: vipande vya avoine. Foo ya umeme, yaani tanuri la kuokea, hakuwa nayo. Alitandaza mchanga mweusi chini ya sufuria kubwa, akaiweka juu ya mbabula, lile jiko la makaa, akatia ndani sinia la bati lenye unga wa avoine uliochanganywa, akafunika, kisha akapanga makaa mekundu juu ya mfuniko, ili moto uume juu na chini. Vikiiva alivikata vingali moto kwa kisu kilicholowekwa maji. Kusema kweli, vilipendeza. Roho mbaya haimzuii mtu kupika vizuri.

Kazi yangu ilikuwa kuponda ndizi, kukaanga karanga na kuzitwanga, kukoroga avoine na sukari na margarini hadi mkono ufe ganzi. Na kuimba. Shangazi alikaa sebuleni na wageni wake, akapaza sauti, "Imba, nikusikie!" kwa sababu mdomo unaoimba hautafuni. Niliimba nyimbo zote za kanisani kwa mpangilio, kuanzia za Noeli. Nikikaa kimya kidogo ili nipumue, sauti ilifika: "Weye! Umemeza nini?" Nikajifunza kuvuta pumzi kwa pua katikati ya neno. Majirani walikuwa wakisema yule mutoto wa kwa Mama Aline, ndivyo walivyomwita shangazi, ana furaha nyingi, anaimba tangu asubuhi.

Kuonja sikuonja hata siku moja. "Ukizoea sukari," shangazi aliniambia, "kule Mugunga utakula nini?"

Mama alikuwa akija siku za Jumapili kwa miguu, na hakuja mikono mitupu. Alisema mlango wa watu unabishwa kwa mguu, maana mikono inapaswa kuwa imebeba kitu. Alileta sombe, yaani majani ya muhogo, au maharage kidogo kwenye ncha ya kitenge, na hayo maharage, jamani, alijinyima. Shangazi alimpokelea nyuma, jikoni. Sikujiuliza kwa nini. Kisha vita vikasogea, njia ya Sake, ile inayopita kambini, ikawa mbaya, na mama akaacha kuja kwa muda mrefu sana.

Ndipo ikakaribia komunyo ya kwanza ya binti ya shangazi, Aline. Sijui ni pepo gani mwema alimpitia shangazi wiki ile, lakini aliniambia, bila mimi kuomba, "Siku ya komunyo utamuwekea mama yako kipande kimoja. Kama njia ni nzuri, atakuja."

Usingizi ulinihama. Nilikuwa nimekwisha kukichagua hicho kipande kabla hata avoine haijanunuliwa: kile cha pembeni kabisa mwa sinia, ambako sukari huganda na kuwa ngumu. Nilitaka akichukue mkononi mwangu, atafune, na mimi nimwambie, hiki nimekoroga mimi. Sikutaka kitu kingine duniani.

Siku ilipofika ua ulijaa viti vya plastiki na vitenge vipya. Nilikiweka kipande changu ukingoni mwa sinia, juu ya jani la mgomba, nisikipoteze. Mama akaingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amekonda hadi shingo imekuwa ndefu. Nilimkimbilia mikono imefunguka, naye akatazama juu ya kichwa changu, akasema, "Jambo, mutoto. Sahani za kuosha ziko wapi?"

Mikono yangu ilibaki hewani. Yeye akakaza kitenge, akainama kwenye beseni, akaanza kusugua.

Nilidhani nimemkosea. Nilidhani labda hakunitambua, kwa vile gauni langu lilikuwa la Aline la zamani. Sikupata nafasi ya kumuuliza, kwa sababu shangazi alinisukumia sinia. "Pitisha kwa wageni. Anzia kwa marene."

Marene, yaani mama wa komunyo wa Aline, alikuwa mama mnene mwenye huruma ya haraka. Aliponiona alinishika kiganja, akawaita wenzake wa kikundi cha sala. "Muone huyu mutoto! Yatima! Baba hana, mama hana, na angalieni vile amependeza. Mama Aline, Mungu atakulipa."

Watu wakapiga makofi. Shangazi akainamisha macho kama bibi harusi. Hapo ndipo nilipojua ni habari gani aliyokuwa ameipeleka kanisani.

"Lakini mama yangu yuko..." nilianza.

"Yuko mbinguni," shangazi akadakia, huku akicheka kwa upole. "Ndiyo, mwanangu. Anakuona."

Marene machozi yakamtoka. Akanyoosha mkono, akapita vipande vyote, akaokota kile cha pembeni, kile changu. "Mungu amuweke mama yako mahali pema," akasema, akauma.

"Amina," wakaitikia wote.

Na kutoka kwenye beseni, ndani ya povu la sabuni, nikaisikia sauti ninayoijua kuliko zote: "Amina."

Wageni walipoondoka, shangazi alikwangua masalio yaliyoungua chini ya sinia, akayafunga kwenye mfuko, akampa. "Shika, mama. Asante kwa musaada." Mama alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akaenda zake. Mimi sikumsindikiza. Kama yeye mwenyewe amesema amina, mimi ni nani nimbishie?

Shangazi bado anaishi, na kanisani bado wanamtaja kwa wema. Mimi bado sijamsamehe, na padri wangu anajua. Lakini kwa miaka mingi chuki yangu niliigawa mara mbili, na fungu kubwa lilikuwa la mama. Niliendelea kusoma, nikamaliza, nikaolewa, nikamleta mama kwangu, na bado mfupa ule ulikuwa umenikwama kooni. Siku moja, nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa pili, nilimkuta anachagua maharage kwenye ungo, na nikamuuliza wazi: siku ile, mama, ulinikana kwa nini?

Hakushtuka. "Shangazi yako alituma mutu kambini," alisema. "Nikikuja kama mama yako, turudi wote wawili Mugunga, siku ileile. Na kule masomo haikuwako."

"Sasa si ungebaki tu! Nani alikulazimisha kuja kuosha sahani na kuitikia amina juu ya kaburi lako mwenyewe?"

"Njo vile na shangazi yako alisema. Afazali nibaki."

Akatupa kijiwe, akapekua maharage kwa kidole. Nilikuwa nimedhani kwamba siku ile ni mimi niliyenyimwa kitu. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba yeye alikuja akijua kila neno atakaloambiwa, akijua atajibu nini, akatembea njia yote ile mbaya hata hivyo.

"Siku zilikuwa zimekuwa nyingi," alisema. "Nilitaka tu kuona kama umeongezeka."

Akanitazama tumbo, kisha uso.

"Ulikuwa umeongezeka."